Spider Mites Web: kanzidata ya familia ya Tetranychidae na manufaa yake kwa wanaolinda mimea

Kwa mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuujua utitiri unaoshambulia mimea, awe afisa ugani, mwanafunzi wa kilimo, mkaguzi wa mazao mpakani au mtafiti, sijui huduma nyingine ya mtandaoni ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe kama kanzidata iitwayo Spider Mites Web. Inatunzwa mjini Montpellier, kusini mwa Ufaransa, katika kituo cha utafiti cha CBGP ambacho taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, INRAE, ni mmoja wa wabia wake, na majina yanayoambatana nayo ni ya Alain Migeon na Franck Dorkeld. Matumizi yake ni bure. Imejifunga katika familia moja tu ya utitiri, yaani Tetranychidae, na kwa kila spishi ya familia hiyo inakupa jina linalokubalika leo, majina ya zamani, mimea ambayo utitiri huo umekutwa juu yake, nchi ulikoonekana na maandishi ya kitaalamu yaliyotoa taarifa hizo.

Familia yenyewe inafahamika kwa wakulima wa nyanya, bilinganya na maua kwa jina la buibui wekundu, ingawa si buibui na wengi wao si wekundu. Ni viumbe wa ngeli moja na buibui, kupe na nge, wenye urefu usiofika hata milimita moja. Jike aliyekomaa huwa kwa kawaida na urefu wa nusu milimita au pungufu. Wanakaa zaidi upande wa chini wa jani, wanatoboa seli za jani kwa mdomo uliochongoka kama sindano na kunyonya kilichomo, ndiyo maana upande wa juu wa jani huonyesha vidoa vidogo vya manjano vinavyoongezeka hadi jani zima kupauka na kukauka. Wengi wao, ingawa si wote, hutoa nyuzi za hariri na kutandaza utando, na kwa nyuzi hizo hizo huweza kuchukuliwa na upepo kwenda shamba la jirani. Jike ambaye hajapandwa na dume hutaga mayai yanayotoa madume watupu, ambao baadaye anaweza kupandana nao, kwa hiyo jike mmoja aliyefika mahali papya peke yake anaweza kuanzisha ukoo mzima. Katika joto la kiasi cha nyuzi 30 za Selsiasi, spishi kama Tetranychus urticae hukamilisha safari ya yai hadi utu uzima kwa muda wa takribani wiki moja. Ukiyaweka mambo hayo pamoja, utaelewa kwa nini kundi dogo namna hii la wanyama limefika karibu kila mahali panapolimwa.

Kanzidata hii haikuanza kutoka sifuri. Mwaka 1998 H. R. Bolland, Jean Gutierrez na Carlos Flechtmann walichapisha katalogi ya dunia ya familia hii ambayo iliorodhesha karibu spishi 1,200, na katalogi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kile tunachokiona leo kwenye kioo cha kompyuta. Ubaya wa kitabu cha aina hiyo ni kwamba hupitwa na wakati kuanzia siku kinapotoka kiwandani, kwa sababu kila mwaka kuna spishi mpya zinazoelezwa, nyingine zinazohamishwa jenasi, na nchi mpya zinazoongezwa. Migeon na wenzake walichukua maarifa hayo, wakayaweka katika mfumo unaoweza kuongezewa, na hivi sasa idadi ya spishi imevuka 1,300 katika jenasi zaidi ya 70. Hilo pekee lingetosha kuifanya huduma hii iwe na thamani, lakini kwangu thamani yake kubwa zaidi iko katika namna inavyoyashughulikia majina.

Tuanze na uainishaji. Familia ya Tetranychidae ilipewa jina na Donnadieu mwaka 1875, na imegawanywa katika nusufamilia mbili. Ya kwanza ni Bryobiinae, ambayo inahesabiwa kuwa imebaki na sifa nyingi za kale. Wengi wa wanafamilia wake hawatandazi utando, na kati ya kucha za miguu yao kuna kiungo kidogo chenye vinyweleo vya kunatia. Ya pili ni Tetranychinae, ambao kiungo hicho kimepoteza vinyweleo vya namna hiyo, na ndimo yalimo maadui karibu wote wakubwa wa mazao, yaani jenasi Tetranychus, Oligonychus, Panonychus, Eotetranychus na Mononychellus. Mpangilio huu uliimarishwa na kazi kubwa ya Pritchard na Baker ya mwaka 1955, na hadi leo ndio unaotumika, ingawa uchunguzi wa vinasaba umeanza kuonyesha kwamba baadhi ya jenasi kubwa zimekusanya spishi ambazo si ndugu wa karibu. Kanzidata inafuata mpangilio huo uliozoeleka bila kujaribu kuupindua, na nadhani ni uamuzi wa busara, kwa kuwa kazi ya katalogi ni kuweka kumbukumbu za yale yaliyokwisha kuchapishwa, na mabishano ya nasaba yana majarida yake.

Ukifungua ukurasa wa Tetranychus urticae utaona kwa nini majina yanahitaji mtunzaji. Spishi hii ilielezwa na Koch mwaka 1836. Tangu hapo wataalamu wa nchi mbalimbali, kila mmoja akiuona utitiri huo kwenye mmea wake na katika rangi yake, waliuelezea upya kwa majina makumi. Pritchard na Baker wenyewe mwaka 1955 waliuita Tetranychus telarius, kwa kufuata jina la Linnaeus la mwaka 1758, na kwa miaka kadhaa maandishi mengi ya kilimo yalifuata mkumbo huo. Kuna pia umbo lake jekundu, lililoitwa Tetranychus cinnabarinus kufuatia maelezo ya Boisduval ya mwaka 1867, ambalo ndilo linalojulikana zaidi katika maeneo yenye joto. Watafiti walibishana kwa miongo mingi kama hilo ni spishi ya pekee au ni rangi tu ya spishi ile ile, na leo wengi wao wanalihesabu kuwa kisawe cha urticae. Mwanafunzi anayesoma ripoti ya miaka ya 1960 kuhusu pamba, kisha ripoti ya miaka ya 1980 kuhusu maharage, kisha makala ya jarida la Nature ya mwaka 2011 iliyochapisha jenomu ya utitiri huu, anaweza kabisa kudhani amesoma habari za wanyama watatu. Hapa visawe vyote vimeorodheshwa chini ya jina moja, pamoja na mwandishi na mwaka, na mkanganyiko unaisha.

Hata alama ndogo za uandishi zimeheshimiwa. Jina la Koch baada ya Tetranychus urticae halikufungiwa kwenye mabano, kwa kuwa spishi imebaki katika jenasi aliyoiweka yeye. Jina la Bondar baada ya Mononychellus tanajoa limefungiwa, kwa sababu mwaka 1938 alipouelezea utitiri huo kutoka Bahia, Brazili, aliuweka katika jenasi Tetranychus na baadaye ukahamishwa. Msomaji anayeijua kanuni hiyo huielewa historia ya jina kwa kulitupia jicho tu, ilhali tovuti nyingi za kilimo huandika majina haya ovyo, mabano yakiwekwa au kuondolewa bila kufuata kanuni yoyote.

Sehemu ya pili ya huduma ni mtawanyiko duniani, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Kila spishi ina orodha ya nchi, zikiwa zimepangwa kwa kanda kubwa za viumbe kama vile Afrika kusini mwa Sahara, Amerika ya Kusini na ya Kati, na Asia ya kusini, pamoja na ramani. Kwa Afrika Mashariki, ukurasa ninaoshauri usomwe kwa makini ni ule wa Tetranychus evansi. Utitiri huu ulielezwa na Baker na Pritchard mwaka 1960 kutokana na vielelezo vya Mauritius, lakini asili yake inaaminika kuwa Amerika ya Kusini, na kumbukumbu za Brazili zinarudi nyuma hadi miaka ya 1950. Kusini mwa Afrika uliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979 kwenye tumbaku, ukapanda kupitia Malawi na Zambia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukathibitishwa Kenya, ambako umewatesa wakulima wa nyanya sawa na wenzao wa Tanzania. Upande mwingine umefika Ureno, Hispania, Ufaransa, Israeli, Japani na Taiwani. Watafiti waliochunguza vinasaba vyake, Migeon akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba uvamizi huu umetokana na zaidi ya ukoo mmoja kutoka Amerika ya Kusini.

Orodha ya mimea ya spishi hiyo inafundisha jambo ambalo afisa ugani anaweza kulitumia siku hiyo hiyo. Inaongozwa na jamii ya mnavu: nyanya, bilinganya, viazi mviringo, tumbaku, na minavu ya aina mbalimbali ambayo kwetu ni mboga na wakati huo huo ni gugu linaloota kando ya shamba. Mkulima anayepulizia nyanya zake kila wiki huku akiacha minavu iliyojaa utitiri kwenye mpaka wa shamba anautunzia adui yake mahali pa kurudia. Aidha, kujua kama ulio mbele yako ni evansi au urticae kuna uzito katika kuchagua tiba. Utitiri mla wenzake aitwaye Phytoseiulus persimilis, ambao huuzwa kwa wakulima wa maua na mboga katika nchi nyingi kwa ajili ya kudhibiti urticae, hauwezi kustawi vizuri kwa kula evansi. Ilibidi watafiti waende Brazili kumtafuta ndugu yake, Phytoseiulus longipes, ambaye icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kilishiriki kumchunguza. Kosa la jina katika hatua ya kwanza linamfanya mkulima anunue mlinzi asiyemfaa.

Muhogo una historia inayofanana na hiyo na yenye mafanikio zaidi. Utitiri wa kijani wa muhogo, unaojulikana zaidi kwa jina la Mononychellus tanajoa, ulionekana Afrika kwa mara ya kwanza Uganda, mwaka 1971, na katika miaka iliyofuata ukaenea katika ukanda wote wa muhogo hadi Afrika Magharibi. Kwa kuwa zao lenyewe lilitoka Amerika ya Kusini, watafiti walirudi huko kutafuta maadui wa asili. Wale waliochukuliwa Kolombia hawakustahimili, lakini waliotoka kaskazini mashariki mwa Brazili walishika, na mmoja wao, Typhlodromalus aripo, aliyeachiliwa Benin mwaka 1993 na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha ukanda wa joto, alienea na kupunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Huyu hujificha mchana kwenye ncha changa ya shina la muhogo na usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Uainishaji uliingia katikati ya habari hii yote: mwaka 1987 Gutierrez aliuliza hadharani kama utitiri wa muhogo barani Afrika ni spishi moja au mbili, tanajoa na progresivus, na katika maandishi ya miaka ya 1990 utakuta majina yote mawili yakitumika kwa wadudu wa mashamba yale yale. Anayetafuta habari za muhogo kwenye kanzidata hii asiishie kwenye ukurasa wa tanajoa; afungue na wa progresivus, asome tarehe na waandishi wa kila taarifa, ndipo aamue.

Sasa niseme kwa uwazi jambo ambalo mtumiaji mgeni lazima alijue kabla hajaziamini ramani. Ramani hizi zinaonyesha mahali ambapo mtaalamu aliona utitiri, akautambua na akachapisha. Hazionyeshi kila mahali utitiri ulipo. Afrika Kusini ina orodha ndefu kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na Magdalena Meyer, aliyetumia maisha yake ya kazi kuikusanya na kuielezea familia hii, akichapisha marejeo ya utitiri wa Afrika mwaka 1974 na tena mwaka 1987. Brazili, India na China nazo zina orodha ndefu kwa sababu zina shule imara za wataalamu wa fani hii. Nchi nyingi za Afrika zenye misitu, nyika na mazao ya kila namna zina orodha fupi, na ni kosa kubwa kudhani kwamba ufupi huo unatokana na uchache wa utitiri. Mkaguzi wa mazao anayetumia orodha ya nchi kuamua kama spishi fulani ni ngeni kwake anapaswa kukumbuka kwamba ukimya wa kanzidata si ushahidi wa kutokuwapo. Hili silihesabu kuwa dosari ya watunzaji, maana wamefanya kilichowezekana, na kila taarifa wameiambatanisha na chanzo chake ili msomaji apime mwenyewe.

Tahadhari ya namna hiyo inahusu pia orodha za mimea. Kwa Tetranychus urticae orodha imevuka spishi 1,100 za mimea, idadi inayotajwa sana na watafiti. Lakini kukutwa juu ya mmea ni jambo moja na kuzaliana juu yake ni jambo lingine. Utitiri unaosafirishwa na upepo unaweza kuokotwa kwenye jani ambalo hautadumu kwa siku mbili, na mtafiti akiuandika, jani hilo linaingia kwenye orodha. Njia nzuri ni kuangalia ni maandishi mangapi yanaunga mkono kila mmea: mmea uliotajwa na waandishi wengi wa nchi tofauti unaweza kuaminiwa, na ule uliotajwa mara moja uchukuliwe kwa hadhari. Majina nayo yasikudanganye. Oligonychus coffeae uliitwa hivyo kwa kuwa Nietner aliuelezea mwaka 1861 kutoka kwenye mibuni ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), lakini leo ni maarufu zaidi kama adui wa chai, nchini Kenya na India kadhalika, na orodha ya mimea yake ni ndefu kuliko mtu anavyoweza kukisia kwa kusoma jina.

Wapo watakaoingia na kutoka mikono mitupu, nao wasiilaumu huduma. Utitiri unaochubua na kudumaza nazi changa katika ukanda wa pwani, Aceria guerreronis, haumo, kwa kuwa ni wa familia ya Eriophyidae. Aculops lycopersici unaoifanya nyanya igeuke rangi ya kutu ni wa familia hiyo hiyo. Utitiri mwekundu wa minazi, Raoiella indica, unafanana kwa jina la mitaani na hawa, lakini uko katika familia ya Tenuipalpidae. Kupe na utitiri wa kuku wako mbali zaidi. Mipaka hii ni sehemu ya ubora wa kanzidata, kwa sababu anayetunza familia moja anaweza kuitunza kikamilifu.

Kingine kisichopatikana humo ni utambuzi wenyewe. Hakuna orodha itakayokuambia kwa yakini ulichokishika. Tofauti kati ya spishi za Tetranychus hukaa zaidi katika umbo la kiungo cha uzazi cha dume, ambacho ni lazima kitazamwe kwa ubavu, dume akiwa amelazwa vizuri kwenye kioo ndani ya kimiminika cha kung'arishia, chini ya darubini yenye uwezo mkubwa. Dume akilala chali, kile kipinda kidogo cha ncha ambacho kinatofautisha spishi moja na nyingine hakionekani, na kazi inabidi irudiwe kwa dume mwingine. Mwenye lenzi ya mkononi shambani ataona rangi, vidoa viwili vyeusi mgongoni na utando, na hapo atakuwa amefika kwenye familia na pengine kwenye jenasi, si zaidi. Hivyo kanzidata hii ni ya hatua ya pili: ukishapata jina kutoka maabara, yenyewe ndiyo inayokufungulia yote yaliyokwisha kuandikwa chini ya jina hilo.

Kwa upande wa matumizi, kurasa ni za maandishi zaidi kuliko picha, jambo linalozifanya ziwe nyepesi hata kwa mtandao dhaifu. Utafutaji kwa jina la utitiri, kwa mmea au kwa nchi unaeleweka haraka, mradi mmea uuandike kwa jina lake la kisayansi. Anayetafuta muhogo aandike Manihot esculenta. Lugha ni Kiingereza, na hilo linawafungia nje maafisa ugani wengi wanaofanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima. Natamani chuo chetu kimoja kichukue spishi zinazohusu mazao ya Afrika Mashariki, labda ishirini au thelathini, na kuziandikia maelezo mafupi ya Kiswahili yanayoelekeza kwenye kanzidata hii. Ugumu mwingine ni kwamba marejeo yanatajwa kikamilifu lakini makala zenyewe mara nyingi ziko kwenye majarida ya kulipia, kwa hiyo mtu asiye na maktaba ya chuo nyuma yake ataishia kwenye kichwa cha makala.

Anayeanza asianzie na spishi. Afungue kwanza orodha ya nchi yake, aisome yote, kisha afungue mmea mmoja anaoujua kwa karibu na kulinganisha orodha hizo mbili. Spishi zinazoonekana kwenye mmea huo katika nchi jirani lakini hazimo katika nchi yake ndizo za kuchunguzwa msimu ujao, kwa mfuko wa majani, chupa ya alkoholi na maabara iliyo tayari kuvipokea vielelezo. Zikithibitishwa, matokeo yachapishwe na vielelezo vihifadhiwe mahali ambapo mtaalamu mwingine anaweza kuvikagua, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo nchi huingia kwenye orodha ya Montpellier.